Mvuje kutoka Vellore

Shoga'ngu Mwanahamisi,

Najua nilikuahidi barua siku ya pili ya kufika, na leo ni siku ya kumi na moja. Nisamehe. Nipo ghorofa ya tatu ya nyumba ya wageni hapa Vellore, kusini mwa India. Dirisha linatazama uchochoro wenye pikipiki zisizohesabika, ng'ombe mmoja aliyelala katikati ya njia kama mwenye hati ya kiwanja, na maduka ya dawa manane. Wifi Rehema anagombana na jiko la gesi la kukodi. Mimi nakunywa maji ya tangawizi, na tumbo langu, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, limenyamaza. Acha niandike kabla halijageuza nia.

Nianze na ndege. Kutoka Dar hadi Mumbai ni saa sita na kitu, si safari ya kutisha, ila hakuna aliyenionya kwamba ndege na tumbo kama langu havipatani. Hewa ya ndani hupunguzwa ikawa kama ya mlima wa mita 2,400 hivi. Yaani panda Lushoto, kisha ongeza kilomita nzima kwenda juu. Huko gesi hutanuka kwa karibu theluthi. Umeona mfuko wa krispi unavyotuna ndegeni kama puto? Basi mimi ndiye nilikuwa huo mfuko. Kifungo cha kwanza cha sketi nilikifungua tukiwa juu ya bahari, cha pili kabla chakula hakijaja, na kuanzia hapo sitara yangu ikawa ile khanga uliyonipa siku ya kuagana.

Pembeni yangu alikaa mzee wa Kigujarati, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wifi. Chakula chake kililetwa kabla ya cha abiria wengine. Wifi, unamjua, hakujizuia.

"Babu, mbona wewe umetangulizwa?"

"Changu ni cha Kijaini, mwanangu. Niliagiza mapema."

Akatueleza kwamba Wajaini hawali nyama, na wengi wao hawagusi kitunguu, saumu, kiazi wala chochote kinachochimbuliwa na mizizi yake, maana ukikichimbua unaua mmea mzima na vijidudu vya udongoni. Nikakaa wima. Mwanahamisi, kitunguu na saumu! Vitu viwili ambavyo kwa miaka minane vimenitesa kuliko deni, na kumbe kuna watu wazima, wenye heshima zao, wamevikataa tangu enzi za mababu na hakuna anayewauliza kama wamerogwa.

"Sasa mchuzi huo una ladha gani?" wifi akauliza. Mzee akacheka, akafunua bakuli, akalisogeza. Harufu ile haikunifikia puani. Ilinifikia kwenye utoto. Nikajiona niko Mwambani, kwa bibi, kile kitambaa cheusi chenye harufu ile ile kinafungwa shingoni mwa mtoto mchanga ili shetani apite mbali, na usiku akilia tumbo anasuguliwa kidogo kitovuni.

"Mvuje!" nikapiga kelele, abiria wakageuka.

"Mvuje huo huo," mzee akasema. "Sisi tunauita hing. Ukiutia kwenye mafuta ya moto, uvundo unakufa, inabaki ladha ya kitunguu na saumu. Nyinyi mnafukuzia mashetani, sisi tunaungia dengu."

Kabla hatujafika mbali, nikukumbushe ugonjwa wenyewe, maana wewe ulishuhudia nusu tu. Nusu ya pili niliificha. Unajua kujaa tumbo kila baada ya chakula, hadi mwanafunzi wa kidato cha pili akanipongeza kwa ujauzito nikiwa na miaka hamsini na tatu. Unajua kukimbilia chooni katikati ya kipindi. Usichojua ni ganzi ya miguu iliyoanza miaka miwili iliyopita, ulimi kuwaka kama nimelamba pilipili, na uchovu wa kunifanya nikae kitandani nikitazama viatu. Nilipimwa sukari mara tatu: hamna. Kwa tumbo nilipewa majina yote yanayojulikana. Kwanza amiba. Halafu taifodi, mara nne kwa mwaka mmoja, kila mara na vidonge vyake. Halafu vidonda vya tumbo, nikaandikiwa omeprazoli ya mwezi mmoja nikaimeza miaka sita, maana hakuna aliyeniambia niache na mimi sikuuliza. Zahanati sizitaji. Walikuwa na darubini moja na foleni ya watu tisini. Mimi mwenyewe ningeandika amiba.

Aliyebadilisha mambo ni daktari kijana wa Dar aliyeniuliza swali ambalo wengine walilipita: "Mama, umewahi kupasuliwa tumbo?" Nikamwambia ndiyo, mwaka 1998, utumbo ulijisokota. Akatikisa kichwa taratibu, akasema kuna kipimo cha pumzi. Nilikiulizia huku na huko bila kukipata, na kwa kuwa mtoto wa kaka alishamleta mama yake Vellore kwa mambo ya figo na alijua njia, tukaomba viza mbili, ya mgonjwa na ya msindikizaji, tukaja.

Kutoka Mumbai tuliunganisha hadi Chennai, kisha treni ya saa mbili hivi hadi Katpadi, ndiyo stesheni ya Vellore. Treni za huku zina choo kila behewa, na hili naliandika kwa heshima zote. Mtu mwingine akifika mji mgeni huuliza soko na msikiti. Mimi ramani yangu huanza na vyoo.

Mji wenyewe ni wa wagonjwa, tena kwa sifa njema. Mwaka 1900 mwanamke wa Kimarekani, Ida Scudder, binti wa wamisionari, alianza hapa na zahanati ya kitanda kimoja. Ikakua ikawa Christian Medical College, ambayo watu hutoka nchi nzima kuifuata, hasa Wabengali, na Wabangladeshi kwa wingi. Ndiyo maana hapa Tamil Nadu unakuta vibao vya Kibengali na harufu ya samaki kwa mafuta ya haradali. Hospitali nyingine zimeota pembeni, na mimi nilikwenda moja ya hizo pembeni. Nyumba za wageni zimejipanga kuzunguka wagonjwa: chumba, jiko dogo la gesi, sufuria mbili, bei kwa siku. Unajipikia. Kwa mtu wa tumbo, hiyo ni hoteli ya nyota tano.

Nilichogundua, na kilichonifurahisha kwa ualimu wangu, ni kwamba utumbo mwembamba una historia hapa. Miaka ya 1960 vijiji vya kusini mwa India vilipatwa na milipuko ya spru ya tropiki: watu wanaharisha, wanakonda, damu inapungua, ulimi unawaka. Mwingereza mmoja, William Hillary, alikuwa ameuandika ugonjwa wa namna hiyo akiwa Barbados tangu mwaka 1759. Hapa Vellore, Selwyn Baker na V. I. Mathan waliwafuata wagonjwa hadi vijijini na kuchunguza kinachoendelea ndani ya utumbo wao, na bakteria waliokaa mahali pasipostahili walikuwa sehemu ya habari hiyo. Ugonjwa wangu si ule, daktari alinisahihisha mara mbili nilipojifanya najua. Lakini ni majirani.

Daktari ni mama mfupi, sari ya kijani chini ya koti jeupe, anamwita kila mgonjwa wa kike Amma. Alitazama karatasi zangu za damu kwa muda, kisha akaweka kidole juu ya namba mbili. Vitamini B12 iko chini sana. Folati iko juu. "Wewe hunywi vidonge vya folati?" Sivinywi. Akatabasamu kama mvuvi aliyeona kamba inatikisika. Bakteria wakizidi juu kule, akasema, wanakula B12 yako kabla hujaipata, na wao wenyewe wanatengeneza folati na kukuachia. Ganzi ya miguu ndiyo hiyo. Ulimi ndio huo. Mwanahamisi, miaka miwili nikijipaka mafuta ya karafuu miguuni.

Wifi hakuelewa, nikamchorea nyumba. Nyumba yetu ya Kiswahili ina baraza, ukumbi, vyumba, kisha uani. Uani ndiko kwenye moshi, kuku, maji machafu, mabishano. Na ni sawa, bila uani nyumba haiishi. Utumbo mpana ni uani: gramu moja ya kilichomo ina bakteria kama bilioni 100, na wana kazi zao. Utumbo mwembamba, mita sita hivi, ni ukumbi: huko juu kwa kawaida hawafiki hata 1,000 kwa mililita. Kuna asidi ya tumbo inayowachoma waingiao kwa mlango wa mbele, kuna kilango nyuma kinachozuia wa uani wasirudi ndani, na kuna mfagiaji. Mimi asidi niliizima kwa omeprazoli, na makovu ya upasuaji yakakunja kona ambazo ufagio haufiki. Basi watu wa uani wamehamia ukumbini. Si wabaya. Ila sahani ya wali ikiandaliwa kwa ajili ya mgeni, wanaifikia kwanza, wanaichachusha, na gesi inayotoka ndiyo tumbo langu la miezi saba. Madaktari huiita hali hii kwa kifupi SIBO. Wifi akasema, "Kumbe ni wapangaji." Tangu siku hiyo hatuna jina lingine.

Kipimo sasa. Siku moja kabla nilikula wali mweupe na kuku wa kuchemsha kwa chumvi, asubuhi, mchana, na jioni kabla ya saa kumi na mbili. Hakuna maharage, maziwa, matunda wala mkate. Kisha njaa ya saa kumi na mbili. Mtu aliyetoka kumeza antibayotiki ndani ya wiki nne hapimwi, anarudishwa. Asubuhi wakaniosha kinywa, nikapuliza mara ya kwanza kwenye kifaa chenye kibomba cha plastiki, halafu nikapewa glukosi gramu 75 ndani ya maji, tamu ya kukufanya ukunje uso hadi masikioni. Wengine hupewa laktulosi gramu 10. Kila dakika 20 unapuliza. Kati ya kupuliza na kupuliza hulali, hutembei hovyo, huvuti sigara. Unakaa kwenye benchi pamoja na wapulizaji wenzako mkitazamana.

Uzuri wa kipimo hiki ni wa kumfurahisha mwalimu yeyote. Mwili wa binadamu hautengenezi haidrojeni. Hata kidogo. Ikitoka kwenye pumzi yako, imetengenezwa na vijidudu tumboni, ikapenya kwenye damu, damu ikaipeleka mapafuni, nawe ukaipuliza. Na glukosi kwa kawaida hunyonywa mapema, juu kule, haifiki uani. Kwa hiyo haidrojeni ikipanda baada ya kunywa glukosi, yaelekea wapangaji wako ukumbini. Kigezo kinachofuatwa na wengi tangu makubaliano ya wataalamu wa Marekani Kaskazini mwaka 2017 ni kupanda kwa sehemu 20 kwa milioni ndani ya dakika 90. Wapo wasiotoa haidrojeni ila methani, hao huwa na vijidudu ambavyo hata bakteria si bakteria, na wao shida yao mara nyingi ni kufunga choo badala ya kuharisha. Dawa yao nayo huwa tofauti kidogo. Mimi nilianza na 6, ikaja 9, dakika ya 40 ikawa 31, kisha 58. Muuguzi akanionyesha kioo. Niliona fahari, shoga, usinicheke. Miaka minane watu wananiambia ni mawazo, na leo mawazo yana tarakimu.

Nikaandikiwa rifaksimini, miligramu 550 mara tatu kwa siku, siku 14. Ni antibayotiki isiyopenya sana kwenye damu. Inafanya kazi ndani ya utumbo na kutoka. Pamoja nayo sindano za B12, na ratiba ya kuipunguza omeprazoli polepole, maana ukiikata ghafla asidi hurudi kwa hasira. Dawa hii hutengenezwa hapa India na viwanda vingi, hivyo bei haikunitoa machozi. Tafadhali usimtajie mama Saidi majina haya. Najua ataingia duka la dawa kesho kununua, na tumbo lake yeye ni la maharage ya jana.

Chakula kimekuwa darasa la pekee. Waaustralia wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ndio walioandika mwaka 2005, Peter Gibson na Sue Shepherd, kwamba kuna sukari na wanga wa aina fulani ambao utumbo haunyonyi vizuri, hivyo vijidudu huufanyia karamu, nao umo kwenye vitunguu, saumu, ngano, maharage, maziwa, embe, tufaha. Hawaui vijidudu kwa mlo huo. Wanapunguza tu karamu. Na si mlo wa maisha. Wiki chache, halafu unarudisha kimoja kimoja, uone nani mkorofi. Nililia juu ya embe. Dodo, Mwanahamisi! Lakini machungwa ya Muheza hayamo kwenye orodha ya wabaya, papai halimo, nanasi halimo, wala wali, wala ugali, wala samaki. Mungu hakututupa kabisa watu wa Tanga.

Nimejifunza sentensi moja ya Kitamili na imenifikisha kila mahali: "Vengayam vendam, poondu vendam." Sitaki kitunguu, sitaki saumu. Ina vina, karibu niifanye shairi. Mwenye kibanda cha jirani, ananiita Akka, yaani dada mkubwa, alinisikiliza, akafungua kopo, akanusisha: mvuje. Perungayam. Akanitengenezea maji ya ukwaju na pilipili manga, mvuje kiasi cha ncha ya kisu, nikanywa na wali, nikalala. Onyo moja alilonipa daktari: mvuje wa unga wa dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, wa mchele, au na gundi ya miti, kwa hiyo soma kopo. Asubuhi nala idli, vikeki vya mchele na dengu nyeusi vilivyochachushwa na kupikwa kwa mvuke. Weupe wake na vinundu vyake vinakukumbusha mkate wa kumimina usiokuwa na nazi wala sukari. Viwili vinakaa. Cha tatu, wapangaji wanaamka.

Jumapili tulikwenda kwenye ngome ya hapa Vellore. Ya mawe, karne ya 16, handaki la maji limeizunguka, ndani kuna hekalu, msikiti na kanisa. Tarehe 10 Julai 1806 askari wa Kihindi waliwaasi Waingereza humo, baada ya kulazimishwa kofia mpya na kukatazwa ndevu na alama za dini zao. Wifi alitaka kuzunguka yote. Mimi nilikaa karibu na lango, unajua kwa nini.

...

Mwanahamisi, hapo juu niliacha kwa sababu wifi aliita chakula, na baada ya hapo mambo ya kufunga mizigo. Naimalizia barua hii nyumbani, Tanga, miezi minne baadaye. Ni aibu, najua. Wewe huko Muscat umeshanipigia simu mara ngapi na nimekwambia "barua inakuja".

Hali ni hivi. Miguu: ganzi imeshuka kutoka magotini hadi vidoleni, na kule vidoleni daktari alisema huenda ikabaki kidogo. Ulimi umepona. Tumbo ni siku nane nzuri kati ya kumi. Watafiti wa Italia waliwafuata wagonjwa waliokwisha kupona kwa dawa hii hii wakaandika mwaka 2008: baada ya miezi mitatu karibu 13 katika 100 walikuwa wamerudiwa, baada ya sita karibu 28, baada ya tisa karibu 44. Daktari alinipa tarakimu hizo bila kuzipaka asali. Makovu yangu hayajaondoka, kona ziko palepale. Nimepewa ufagio, sikupewa nyumba mpya.

Na ufagio wenyewe, sikiliza hili maana ndilo lililoniketisha chini. Tumbo likiwa tupu, kila dakika 90 hadi 120 utumbo mwembamba hupitisha wimbi la kusafisha, kutoka juu hadi chini, linasukuma mabaki na vijidudu kuelekea uani. Ule mngurumo wa mwenye njaa, sehemu yake ni huo. Ukila kitu, hata biskuti moja, wimbi linasimama. Sasa nifikirie mimi chumba cha walimu: chai saa mbili, andazi saa nne, karanga za mwalimu wa Kemia, pipi, na ile bigijii isiyo na sukari niliyokuwa natafuna kutwa kuficha harufu ya kinywa, ambayo kumbe ina sorbitoli, chakula cha wapangaji. Mfagiaji wangu hakuwahi kupewa nafasi miaka thelathini.

Isipokuwa Ramadhani. Nimekumbuka, na nimeithibitisha kwa wifi: kila mwaka mchana wa Ramadhani tumbo langu lilikuwa kama bahari ya maleleji. Nilidhani ni baraka tu ya mwezi. Na ikiingia magharibi, mbaazi za nazi, kaimati, tambi za maziwa, uji wa ngano, saa mbili usiku nimelala chali nauguza puto. Nilikuwa naulaumu mfungo kwa makosa ya futari. Sasa nakula mara tatu, katikati naacha saa nne au tano, maji tu au chai kavu. Sisemi ni dawa kwa kila mtu. Mwenye sukari asiniige.

Lakini nikwambie lililo gumu kuliko vyote, na hakuna daktari aliyelitaja. Si ganzi wala choo. Ni neno "karibu". Wiki ya pili ya kurudi tulialikwa harusi kwa jirani. Nilibeba kikontena changu pochini: wali, samaki wa kukaanga, mchicha. Nilipokifungua, meza nzima ilinyamaza. Mmoja akauliza kama nimeingia dini nyingine. Mwingine, kwa sauti ya huruma, kama nimefanyiwa kitu. Nikacheka, nikaeleza kuhusu utumbo, na unajua mezani habari za utumbo zinavyopokelewa. Hayo nilistahimili. Siku iliyoniuma ni ile mama mkwe, na miaka yake themanini na moja, alipoketi mbele ya sahani niliyoisukuma, akasema taratibu: "Mwanangu, mkono wangu umekuwa sumu?"

Sikulala. Asubuhi nikaenda kwake mapema kabla hajawasha moto, nikakaa kigoda cha pili uani, nikamweleza upya, safari hii bila bakteria. Nikamwambia ubaya wa kitunguu na saumu huyeyuka kwenye maji, hauyeyuki kwenye mafuta. Kikikaangwa kizima na kutolewa kabla maji hayajaingia, ladha inabaki, ubaya umetoka nacho. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo unataka kitunguu kipite, kisikae."

"Ndivyo, mama."

"Mbona hukusema? Hiyo ni kazi ya chujio."

Amekifanya kuwa ufundi wake. Anakaanga vitunguu viwili vizima na punje za saumu kwenye mafuta mpaka nyumba ya tatu inanusa, anaviopoa vyote, anawapa wajukuu, kisha ndipo anatia nyanya, samaki, majani mabichi ya kitunguu, ambayo yale ya kijani hayana shida kwangu, na tui kidogo jepesi. Nikamletea mvuje. Aliupokea kwa ncha za vidole, akachungulia dirishani kama kuna anayeona. "Huu tunaula?" Tunaula, mama. Akautia, akaonja, akaongeza. Sasa kwake hakuna mchuzi bila mvuje, na mashetani wa Tanga sijui wanajificha wapi.

Mwezi wa tisa nitapimwa damu tena, na kama siku mbaya zitazidi nne kati ya kumi, nitarudi kwa daktari kabla sijajidanganya. Jana ilikuwa siku mbaya. Nilikula nusu ya dodo. Nusu, nimeinamia sinki, mlango nimefunga, juisi inanitiririka kiwikoni. Sijutii.

Umesema utakuja Idi. Chumba chako kiko tayari, na mama mkwe ameshauliza kama watu wa Muscat wanakula pweza. Mvuje wako nimekununulia makopo mawili, yale ya bonge lisilochanganywa na ngano. Nimeyafunga mifuko mitatu na kuyaweka juu ya kabati, mbali na nguo, na bado vitenge vyangu vyote vinanuka kama kilinge cha mganga. Ukija, njoo na sanduku usilolipenda.

Wako,
Mwalimu Zuhura